Breki za Mbele na Breki za Nyuma: Mgawo Unaosahaulika Gari Linapoongezewa Breki

Katika gereji za Kinyerezi, Segerea, Tabata na maeneo mengine ya pembezoni mwa Dar es Salaam, imekuwa kawaida kwa mwenye gari kutafuta kalipa na diski kubwa za mtumba zilizotolewa kwenye gari lenye nguvu zaidi, akafungiwa kwenye magurudumu ya mbele, kisha akaondoka akiamini kwamba gari lake sasa litasimama kwa umbali mfupi kuliko lilivyokuwa likisimama lilipotoka kiwandani. Imani hiyo ina sehemu ndogo ya ukweli na sehemu kubwa ya hatari, na hatari yenyewe haionekani kwa macho wala haisikiki pale fundi anapolijaribu gari kwa mwendo mdogo mbele ya gereji. Inatokana na jambo linaloitwa uwiano wa breki, yaani namna nguvu ya kupunguza mwendo inavyogawanywa kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Mgawo huo hupangwa na wahandisi wanaojua uzito wa gari, urefu wake, aina ya matairi yake na mzigo litakaoubeba, na kwa sababu hiyo mtu anayebadilisha kifaa kimoja tu katika mpangilio huo huwa ameubadilisha mgawo mzima, awe amekusudia au hakukusudia.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba breki hulizuia gurudumu, lakini kinacholizuia gari ni tairi. Pedi zinapobana diski, au viatu vya breki, maarufu kwa mafundi kama breki shuu, vinapotanuka na kusugua dramu, kinachopunguzwa ni mzunguko wa gurudumu; nguvu ya mwisho inayolipunguzia gari mwendo hutoka pale tairi linapogusa barabara, mahali ambapo kwa kila tairi hapazidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Karibu kila gari dogo lenye breki nzima lina uwezo wa kufunga matairi yake endapo dereva atakanyaga kwa nguvu zote, na gari lenye uwezo huo tayari limeshaufikia ukomo wa mshiko wa matairi yake. Kuliongezea nguvu ya kubana kupita hapo hakuliongezei mshiko hata kidogo, na fedha iliyokusudiwa kupunguza umbali wa kusimama ingeleta matokeo ya uhakika zaidi kama ingenunua matairi mazuri badala ya kalipa.

Faida halisi ya diski kubwa iko kwenye joto. Gari la kilo 1,100 linalokwenda kilometa 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 270, na linaposimamishwa karibu nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya diski na dramu. Safari moja ya kusimama haina tabu, kwa kuwa chuma hulipokea joto hilo na kulitoa hewani. Tabu huja pale breki zinapokanyagwa mfululizo, kama katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa au katika kona za kushuka Lushoto, ambako diski nyembamba hupata joto kali, pedi hupoteza msuguano, na mafuta ya breki yakachemka hadi pedeli ikazama bila kuleta kitu. Mwenye gari anayebeba mizigo mizito au anayesafiri mara kwa mara katika miteremko ya namna hiyo ana sababu ya kweli ya kutaka breki kubwa. Sababu hiyo haimwondolei wajibu wa kuuangalia mgawo.

Mgawo unaofaa hutokana na jambo ambalo abiria wa daladala hulifahamu mwilini kabla ya kulisoma kitabuni, nalo ni kwamba breki zinapokanyagwa uzito huhamia mbele. Pua ya gari huinama, nyuma huinuka, na matairi ya mbele hukandamizwa zaidi huku ya nyuma yakipunguziwa mzigo. Kiasi cha uzito kinachohama hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari kwa kiwango cha kupungua mwendo, kisha kwa kimo cha kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambapo uzito wote wa gari unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika, na hatimaye kugawanya kwa umbali uliopo kati ya ekseli mbili. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2002 na ambayo hadi leo imejaa katika barabara za Dar es Salaam, ina umbali wa milimita 2,500 kati ya ekseli zake. Ikichukuliwa, kwa ajili ya hesabu, kwamba gari la namna hiyo pamoja na dereva wake lina kilo 1,100, kwamba asilimia 60 ya uzito huo iko mbele, na kwamba kitovu chake cha uzito kiko sentimita 55 juu ya barabara, basi linapopunguza mwendo kwa kiwango cha asilimia 80 ya mvutano wa dunia, ambacho ni kiwango cha breki za nguvu katika lami kavu, kilo 194 huhamia mbele. Ekseli ya mbele iliyokuwa na kilo 660 inabeba kilo 854, na ya nyuma iliyokuwa na kilo 440 inabakiwa na kilo 246. Kwa hiyo breki za mbele zinastahili kufanya asilimia 78 ya kazi na za nyuma asilimia 22.

Lakini mgawo huo ni wa lami kavu tu. Barabara inapokuwa na utelezi kiasi kwamba gari haliwezi kupunguza mwendo kwa zaidi ya asilimia 30 ya mvutano wa dunia, uzito unaohama ni kilo 73 pekee, na mgawo unaofaa huwa 67 kwa 33. Gari lile lile, siku ile ile, linahitaji breki za nyuma zifanye theluthi moja ya kazi mvua inaponyesha na zaidi kidogo tu ya moja ya tano jua linapowaka. Hakuna namba moja inayofaa kwa hali zote, na ndiyo maana mhandisi hulazimika kuchagua ni upande upi utangulie kufunga pale ukomo wa mshiko unapofikiwa.

Chaguo hilo haliachwi kwa matakwa ya mtu. Tairi lililofunga huburuzika bila kuzunguka na huwa limepoteza uwezo wa kulishikilia gari kwa upande, hivyo matairi ya mbele yanapotangulia kufunga gari hunyooka mbele na usukani hauliongozi tena, ila dereva anayelegeza pedeli hulirudisha gari mkononi mwake. Matairi ya nyuma yanapotangulia, mambo ni mengine kabisa: sehemu ya nyuma hukosa cha kuishikilia, hutoka pembeni na kulizungusha gari zima kwa muda mfupi ambao dereva wa kawaida hauwahi. Kwa sababu hiyo, Kanuni namba 13-H ya Umoja wa Mataifa inayohusu breki za magari ya abiria inadai kwamba, kwa gari lisilo na mfumo wa kuzuia matairi kufunga, ekseli ya nyuma isitumie mshiko wake kwa kiwango kinachoizidi ekseli ya mbele katika breki zote za kati ya asilimia 15 na 80 ya mvutano wa dunia. Japani, inakotoka sehemu kubwa ya magari yanayotembea Tanzania, ilijiunga na makubaliano ya kimataifa yanayobeba kanuni hizo mwaka 1998.

Barabara za Kinyerezi huipa kanuni hiyo uzito wa pekee. Eneo hilo ni la vilima na mabonde, na maji yake huteremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, hivyo mvua za masika zinaposhuka kati ya Machi na Mei, vijia vya udongo vinavyoingia kwenye makazi humwaga mchanga na tope juu ya lami ya barabara kuu. Dereva anayetoka Mbezi Mwisho akapitia Malamba Mawili na Kifuru hadi Kinyerezi, kisha akaelekea Segerea, anaweza kukutana ndani ya safari moja na lami kavu, lami iliyotandazwa mchanga mwembamba mahali pa kuteremkia, na njia ya udongo inayomfikisha nyumbani. Mgawo wa breki za gari lake unapaswa kuwa salama katika hali zote hizo, tena akiwa amezungukwa na bajaji na bodaboda zinazoingia barabarani bila kutoa taarifa.

Sasa ichukuliwe kwamba mwenye gari lile la hesabu ameamua kuongeza breki za mbele peke yake. Nguvu ya kalipa kulizuia gurudumu ni zao la mambo manne: presha ya mafuta ya breki, eneo la pistoni inayosukuma pedi, kipimo cha msuguano cha pedi zenyewe, na umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi katikati ya mahali pedi zinaposugua diski. Pistoni ya kipenyo cha milimita 54 ikibadilishwa kwa ya milimita 60, eneo lake huongezeka kwa asilimia 23, kwa kuwa eneo hufuata mraba wa kipenyo. Diski ya milimita 255 ikibadilishwa kwa ya milimita 275, ule umbali wa kutoka katikati huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mabadiliko hayo mawili, ambayo kwa macho ni madogo mno, yakizidishwa pamoja hufanya breki za mbele ziwe na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 36 kwa presha ile ile ya mafuta, na mgawo uliokuwa 78 kwa 22 huhamia karibu 83 kwa 17.

Matokeo yake ni kinyume cha kilichotarajiwa. Katika lami kavu, gari lenye mgawo wa awali linaloanza kupiga breki likiwa na mwendo wa kilometa 80 kwa saa linaweza kusimama ndani ya takriban mita 32 kabla matairi yoyote hayajafunga, wakati gari lililoongezewa breki za mbele linahitaji mita 34, kwa kuwa matairi yake ya mbele hufika ukomo mapema huku ya nyuma yakiwa bado na mshiko ambao hakuna breki ya kuutumia. Katika barabara yenye maji, yenye nusu ya mshiko wa lami kavu, umbali huo hutoka mita 72 hadi mita 77. Mita 5 ni zaidi ya urefu wa IST nzima, na mtoto anayevuka barabara baada ya shule anaweza kuwa ndani ya mita hizo.

Kinachosikitisha ni kwamba dereva wa gari hilo huwa na uhakika kabisa kwamba limeboreka. Pedeli ikiguswa kidogo tu gari linashika, pua inainama kwa haraka, na kila aliyemo ndani anakiri kwamba breki zimekuwa kali. Hisia hiyo ni ya kweli, lakini inapima jambo jingine: inapima nguvu inayopatikana kwa mguso mwepesi wa mguu, wala haipimi umbali wa kusimama pale mguu unapokanyaga kwa nguvu zote.

Kosa la upande wa pili, la kuongeza breki za nyuma peke yake au kuziongeza kuliko za mbele, halitokei mara nyingi lakini ni baya zaidi, kwa maana huirudisha ile hatari ya gari kuzunguka ambayo kanuni za kimataifa zilitungwa kuizuia. Hutokea hasa pale mwenye gari anapoondoa dramu za nyuma na kuweka diski kwa sababu ya mwonekano baada ya kufunga rimu kubwa zilizo wazi. Dramu si kifaa duni kama inavyodhaniwa na wengi. Ndani yake, kiatu kinachoelekea mwelekeo wa mzunguko huvutwa na dramu yenyewe na kujikaza zaidi, hivyo dramu hutoa nguvu kubwa kwa presha ndogo. Diski haina tabia ya kujikaza, na kwa hiyo huhitaji presha kubwa zaidi au pistoni kubwa zaidi ili ifanye kazi ile ile. Fundi anayefunga diski za nyuma bila kuifanya hesabu hiyo hawezi kujua kama amepunguza breki za nyuma au ameziongeza. Yapo pia magari ya zamani ambayo silinda kuu ya breki, ambayo mafundi huiita masta, ina kivalvu kidogo kinachobakiza presha kiasi katika paipu ya nyuma ili breki shuu zisirudi mbali na dramu. Presha hiyo hiyo ikiachwa kwenye diski, pedi hubana muda wote, hupata joto na kuisha kabla ya wakati. Isitoshe, diski nyingi za nyuma za Toyota na Subaru zina dramu ndogo katikati yake kwa ajili ya breki ya mkono, na waya wake hauendani na gari lolote tu. Gari linaloegeshwa katika mteremko wa Kinyerezi likiwa na breki ya mkono isiyoshika ni hatari kwa nyumba iliyo chini yake.

Watengenezaji wanaoongeza breki kwa dhati huziongeza pande zote mbili kwa pamoja. Subaru Impreza ya aina ya STI yenye breki za Brembo, ambayo kalipa zake hutafutwa sana na vijana, ilitoka kiwandani ikiwa na kalipa za pistoni 4 mbele na za pistoni 2 nyuma, pamoja na masta na matairi yanayolingana nazo. Anayenunua jozi ya mbele peke yake kwa sababu jozi ya nyuma ina gharama na usumbufu wa kuifunga, huwa amenunua nusu ya hesabu ya mtu mwingine na kuipachika katika gari ambalo hesabu hiyo haikuandikiwa.

Masta nayo ina sehemu yake. Kalipa yenye pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi ili isogee, na masta ndogo ikiachwa, pedeli huzama zaidi kabla ya gari kushika. Dawa inayotumika ni masta yenye kipenyo kikubwa, lakini masta kubwa hutoa presha ndogo kwa nguvu ile ile ya mguu: kipenyo kikitoka milimita 20.6 hadi milimita 23.8, eneo huongezeka kwa theluthi moja, na presha hushuka hadi robo tatu ya ilivyokuwa. Kubadilisha masta hubadilisha uzito wa pedeli na hakurekebishi mgawo, kwa kuwa presha hupungua mbele na nyuma kwa pamoja.

Kifaa kinachorekebisha mgawo ni valvu ya kugawa presha, ambayo huachia presha kwenda nyuma kwa ukamilifu hadi kiwango fulani, kisha hupunguza ongezeko lake ili matairi ya nyuma yasifunge uzito unapohamia mbele. Zipo valvu zenye kirungu cha kuzungusha, na madukani Kariakoo huuzwa kama kifaa cha mashindano. Kabla ya kuinunua, ni lazima mfumo wa paipu za gari ufahamike. Magari mengi yanayosukumwa na injini kwa nyuma, kama Mark II na Altezza, yana paipu moja ya mbele na moja ya nyuma zinazotoka kwenye masta, hivyo valvu moja katika paipu ya nyuma hutosha. Magari mengi yanayovutwa kwa mbele, IST na Vitz zikiwemo, yana mgawanyo wa mkingamo: gurudumu la mbele kushoto hushirikiana paipu na la nyuma kulia, na la mbele kulia na la nyuma kushoto, ili paipu moja ikikatika gari libaki na breki katika gurudumu moja la kila ekseli. Gari la namna hii lina njia mbili za nyuma, na fundi anayeziunganisha ili zipite katika valvu moja huwa ameufuta ulinzi huo. Siku paipu moja itakapopasuka, mifumo yote miwili itamwaga mafuta kupitia kiungo alichokitengeneza. Kazi ya namna hiyo haifai kufanyika kwa bei yoyote ile.

Kwa magari ya mizigo, valvu huwa na akili zaidi. Kinyerezi inaendelea kujengwa, na pikapu aina ya Hilux hupita humo kutwa nzima zikiwa zimejaa saruji, nondo na tofali. Chini ya nyingi kati ya pikapu hizo kuna valvu iliyofungwa kwenye chasisi, na kutoka kwenye valvu hiyo fimbo nyembamba ya chuma huenda hadi kwenye ekseli ya nyuma. Mzigo unapowekwa, chasisi hushuka, fimbo husogea, na valvu huachia presha zaidi kwenda nyuma kwa kuwa sasa matairi ya nyuma yana uzito wa kuyashikilia barabarani. Mzigo unaposhushwa, valvu hurudi kuzibana breki za nyuma zisifunge. Mwenye gari anapoongeza bamba za springi ili libebe zaidi bila kuinama, chasisi haishuki tena, valvu huliona gari kuwa tupu, na breki za nyuma hunyimwa presha wakati ule ule zinapohitajika kuliko wakati wowote. Baadhi ya mafundi hulitatua hilo kwa kuifunga fimbo kwa waya ikiwa imeinuliwa moja kwa moja, na hapo pikapu huwa na breki nzuri ikiwa imejaa, kisha jioni inaporudi tupu katika mvua, matairi ya nyuma hufunga kwa mguso mdogo. Njia sahihi ni kuirekebisha fimbo kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, au kurefusha kishikizo chake kwa kadiri gari lilivyoinuliwa.

Kabla ya kuongeza chochote, kuna kazi isiyopendeza ambayo mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kalipa yoyote ya mtumba, nayo ni kuzifufua breki za nyuma zilizokwisha kufa. Dramu hufunika maovu mengi. Silinda ndogo ya gurudumu huvuja, breki shuu hulowa mafuta, kirekebishaji kinachopaswa kuzisogeza zinapolika hukamata kutu, na kwa kuwa gari bado linasimama kwa breki za mbele, hakuna anayefungua. Wapo hata wanaobana paipu ya gurudumu linalovuja kwa koleo, wakaikunja na kuliruhusu gari liendelee na kazi likiwa na breki katika magurudumu matatu. Gari la aina hiyo limeshahamisha mgawo wake kwenda mbele kupita kiasi bila kununuliwa kifaa hata kimoja, na kuliongezea breki za mbele ni kulizidishia ugonjwa.

Pedi nazo hubadilisha mgawo kimyakimya. Pembeni mwa pedi nyingi, kwenye ubavu wa ile sehemu ya kusugua, huandikwa mstari wa herufi na namba ambao humalizika kwa herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza hueleza msuguano wa pedi ikiwa na joto la kawaida na ya pili ikiwa na joto kali: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi za G zikifungwa mbele huku nyuma kukiwa na breki shuu za E zilizonunuliwa kwa bei ya chini, mgawo huhama kama vile kalipa zimebadilishwa. Ni jambo la kusomwa dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya fedha kutolewa, na pakiti isiyo na herufi hizo wala jina la mtengenezaji haistahili kuaminiwa.

Magari yenye ABS, yaani mfumo unaopunguza presha ya gurudumu linaloanza kufunga, huwapa wenyewe utulivu usio na msingi. Mfumo huo unaweza kupunguza presha, na katika magari mengi ya miaka ya karibuni hutumika pia kugawa presha ya nyuma kielektroniki, lakini hauwezi kuziongezea breki za nyuma nguvu ambazo hazina. Breki za mbele zikiwa kubwa kupita kiasi, ABS huanza kutetemesha pedeli mapema, gari hubaki likiongozeka, lakini si lazima umbali wa kusimama upungue.

Uhakika wa mwisho hupatikana kwa kupima. Fundi aliyesoma VETA Chang'ombe na yule aliyejifunzia kazi chini ya mwembe wanaweza wote kuifanya hesabu ya awali kwa vernia ya kupimia pistoni, rula ya kupimia diski na kikokotoo cha simu, na kuulinganisha mgawo wa zamani na mpya kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa. Baada ya kufunga, mafuta ya breki yabadilishwe na upepo utolewe kwa mpangilio ulioandikwa katika kitabu cha gari, kwa sababu mafuta ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 yakiwa mapya lakini hushuka hadi nyuzi 140 yakishafyonza unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Kisha gari lipelekwe kwenye mashine ya roli inayopima nguvu ya kila gurudumu peke yake, ikiwa inapatikana, ili ionekane kama kushoto na kulia kunalingana na kama breki za nyuma zinafanya kazi yoyote. Jaribio la kufunga matairi hufanyika mahali palipofungwa, pasipo na watu, kwa mwendo unaoanzia kilometa 30 kwa saa na kupanda taratibu, mtu wa pili akiwa amesimama mbali pembeni kuangalia ni tairi lipi linatangulia kuacha kuzunguka; kwa gari lenye ABS, fyuzi yake huondolewa kwa muda wa jaribio hilo tu. Palipo na valvu ya kirungu, huanzwa na presha ya nyuma ikiwa chini kabisa, ikiongezwa kidogo kidogo hadi matairi ya nyuma yatangulie kufunga, kisha hurudishwa hadi ya mbele yatangulie tena kwa nafasi ya kutosha, likiwa tupu na likiwa limejaa abiria. Hapo ndipo nati ya kufungia hukazwa, na alama ya rangi huwekwa juu ya kirungu na mwili wa valvu ili fundi mwingine atakayeligusa gari hilo aone mara moja kama mpangilio umesogezwa.